Mama Sijaona na Kikopo cha Tatu

Maabara ya hospitali ile ilikuwa na dirisha moja kubwa, meza ndefu ya saruji, na mwanamke aliyekataa kuandika neno "hakuna". Akichungulia damu ya mgonjwa kwenye hadubini akakosa vijidudu vya malaria, aliandika "sijaona". Akichungulia makohozi akakosa vijidudu vya kifua kikuu, aliandika vilevile. Madaktari wapya walidhani ni mzaha. Mmoja wao alimfuata mpaka mezani, karatasi mkononi, akamwambia kwamba hapa ni hospitali, si mahakamani, na yeye anataka jibu. Mama yule akamvutia kigoda akae. Akamwonyesha kipande cha kioo chenye tone la damu lililokauka, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho.

"Hili nimelitazama lote," akasema. "Mtoto mzima sijamtazama."

Daktari akaomba radhi, akaenda zake. Tangu hapo mama akaitwa Mama Sijaona, kwanza na wauguzi, halafu na wagonjwa, mwishowe hata na mume wake.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Mwaka wake wa kwanza kazini aliandika "hakuna" kama wenzake. Siku moja, foleni ikiwa imefika mpaka langoni, aliletewa damu ya mtoto wa kike wa miaka minne, akaitazama haraka, hakuona kitu, akaandika "hakuna". Mtoto akarudishwa nyumbani na dawa ya mafua. Siku ya tatu akaletwa amekakamaa, na damu yake sasa ilijaa vijidudu, huhitaji hata kutafuta. Mtoto yule alipona, lakini sikio lake la kushoto halikusikia tena. Hakuna aliyemlaumu msichana wa maabara. Mama wa mtoto mwenyewe alimshukuru kwa kuwahudumia haraka mara ile ya pili. Shukrani hiyo ndiyo iliyomchoma. Mama Sijaona alisema baadaye kwamba hakudanganywa na macho yake, maana macho hayakuona kitu na kweli hayakuona. Aliyedanganya ni mkono, ulioandika zaidi ya yaliyoonwa na macho.

Ukikaa na jambo kama hilo miaka thelathini na moja, linahamia nyumbani. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anakwambia wingu bado hajaliona. Ukimuuliza kama fulani ni mtu mwema, anakwambia baya lake hajaliona. Mume wake, aliyekuwa mwalimu wa historia, alipenda kuwasimulia wageni siku alipomposa. Alikuwa amejiandaa wiki nzima, amenyoa, amepiga pasi suruali mpaka mkunjo ungeweza kukata mkate. Akamuuliza binti kama anakubali kuolewa naye. Binti akafikiri, akasema, "Sijaona sababu ya kukataa." Mwalimu alikuwa akisimulia hivyo huku akijishika kifua kama mtu aliyechomwa mkuki, na mkewe, akipita na sinia la chai, anasema kwa utulivu kwamba mpaka leo hajaiona.

Mwalimu alikuwa wa namna nyingine kabisa. Yeye alijua. Alijua nani atashinda uchaguzi, alijua gari linasumbuliwa na nini kwa mlio wake, na alipokosea alijua pia kwa nini hakukosea. Alipostaafu alianza kuandika kitabu kwa ajili ya vijana wa sekondari, kuhusu namna watu wa kale na wa sasa walivyofikiri. Aliandika kwa kalamu ya wino kwenye madaftari makubwa, mezani pa chakula, na sura iliyomsumbua kuliko zote ilikuwa ile ya watu wa shaka.

Jioni alikuwa akimsomea mkewe anapochambua mchele. Alimsimulia kwamba kwa Wagiriki wa kale palikuwa na watu walioona kila hoja ina hoja ya kuipinga, zenye uzito mmoja, wakaamua kutokata shauri upande wowote. Jina lao lilitokana na kutazama na kuchunguza, na mmojawapo, ambaye maandishi yake yalidumu kuliko ya wenzake, alikuwa tabibu. Mama Sijaona akainua kichwa hapo. Tabibu, akasema, basi huyo alikuwa mtu wa kazi. Mwalimu akaendelea. Karne nyingi baadaye, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu aliitazama nyota: jicho likamwambia ni ndogo kama sarafu, hesabu ikamwambia ni kubwa kuliko dunia. Akajiuliza, ikiwa jicho limenidanganya, akili nayo nitaiaminije? Shaka hiyo ilimshika kama ugonjwa, miezi karibu miwili, na alipopona alisema kilichomponya si hoja, ni nuru aliyotiwa moyoni. Kisha akaja Mfaransa mmoja aliyetoa nje kila alilolijua, kama mtu anayetoa vyombo vyote afagie nyumba, akabakiwa na jambo moja tu, kwamba mwenye kutilia shaka hana budi awepo. Na Mskoti mmoja akagundua kwamba shaka ikimlemea chumbani, dawa ni kutoka akale na kucheza na marafiki.

"Wote hao shida yao ni moja na yako," Mwalimu akasema. "Mtu wa shaka hawezi kufanya kitu. Hata kuvuka barabara hawezi."

Mkewe akapuliza pumba, akamwambia yeye amefika kazini saa moja asubuhi kila siku miaka thelathini na moja, na barabara za kuvuka ni mbili.

Lililomtatiza Mwalimu zaidi lilikuwa hili: Wagiriki wale walidai kwamba ukiacha kukata shauri, unapata utulivu. Hakuelewa. Kwake yeye kutojua kulikuwa kama kiatu chenye kokoto. Sura ile akaiacha bila mwisho, akaenda sura nyingine.

Kisha akaanza kukohoa.

Mwanzoni alisema ni vumbi la madaftari. Mwezi wa pili suruali zikaanza kumpwaya, na usingizini fulana ililowa jasho. Mama Sijaona alifungua madirisha yote ya nyumba, akampeleka hospitalini. Mwalimu akatoa makohozi kikopo cha kwanza palepale, na cha pili asubuhi iliyofuata alipoamka. Vikopo hivyo hakuvipima mkewe. Alimwachia mwenzake wa maabara, mtu mzima mwenye watoto watano, aliyeitwa Bwana Haraka kwa sababu alifanya kila kitu kama anayekimbilia basi. Majibu yakatoka, kwa desturi ya Mama iliyokwisha kuwa ya maabara nzima: "Sijaona." Picha ya kifua ikaonyesha kivuli juu ya pafu la kulia. Daktari akamweleza kwamba kivuli kinaweza kuwa mambo mengi, kwa hiyo alete kikopo cha tatu, na kisipoonyesha kitu wampeleke hospitali kubwa wakachunguze zaidi.

Mwalimu alisikia neno kivuli tu. Mengine yalimpita.

Baba yake alikufa na kikohozi. Mwalimu alikuwa na miaka kumi na saba, na alikumbuka yote: jasho, mbavu kuhesabika, na watu wazima wakinong'ona barazani kwamba ni uvimbe wa ndani, hauna dawa. Sasa alijumlisha mambo kama alivyozoea kujumlisha darasani. Kifua kikuu hakuna, maana karatasi mbili zimesema. Kivuli kipo. Baba alikuwa hivihivi. Jibu amelipata, na kikopo cha tatu akakataa.

Hakulia wala hakugomba. Hilo ndilo lililomtisha mkewe. Alikuwa mpole kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Aliyafunga madaftari kwa uzi wa katani, akasema yapelekwe shuleni kama yatamfaa mtu. Chakula alikionja kwa adabu. Kikopo kitupu kilikaa juu ya kabati, na kila asubuhi mkewe alikikuta kitupu vilevile. Kwa kuwa watoto wao walikuwa wakubwa na wanaishi mbali, dada yake Mwalimu, wifi yake Mama Sijaona, alikuja kukaa nao, akawa anasema kwa sauti ya faraja kwamba ni mapenzi ya Mungu, na kwamba kaka ana sura ya baba kabisa.

"Wifi," Mama Sijaona akamwambia jikoni, "ukimwambia tena kwamba anafanana na baba, utaosha vyombo vyote vya nyumba hii peke yako mpaka sikukuu."

Zikapita siku tisa. Mama Sijaona alihesabu uzito wa mume wake kwa macho, kwa jinsi godoro lilivyobonyea. Alijua jambo analolijua kila mtu wa kazi yake: ikiwa ni kifua kikuu, kinatibika, lakini hakimsubiri mtu anayekaa kitandani akiwa mpole. Na hakuweza kumwambia kwamba ni kifua kikuu, maana hakujua. Ungekuwa wewe labda ungemdanganya. Jirani alimshauri hivyo: mwambie umeota, mwambie daktari amekupigia simu. Mama Sijaona akajaribu kulitafuta neno la uongo kichwani, akalikosa, kama mtu anayetafuta kijiko katika nyumba ya watu.

Siku ya kumi, alasiri, aliomba ruhusa kazini akarudi mapema. Alimkuta Mwalimu amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini. Akayachukua madaftari yaliyofungwa, akakata uzi kwa meno, akatafuta ile sura isiyo na mwisho. Akamsomea. Mwalimu alikuwa ameandika mfano kwa ajili ya vijana: watu watatu wamepoteza ufunguo. Wa kwanza ameshika ufunguo mwingine anasema ameupata. Wa pili amekaa chini anasema hautapatikana kamwe. Wa tatu anainua mkeka atazame chini yake.

"Wewe leo ni yupi?" akamuuliza.

Mwalimu akatabasamu kidogo, akasema yeye ni wa kwanza, ila kwa bahati mbaya ufunguo wake ndio wenyewe.

"Haya. Nionyeshe. Ugonjwa wa baba ulipimwa wapi?"

Haukupimwa, Mwalimu akasema. Nyakati zile nani angempima?

"Picha ya kifua alipigwa?"

Hapana.

"Huo uvimbe, nani aliuona?"

Mwalimu akasema kila mtu alijua. Mkewe akauliza kila mtu ni nani. Akataja ami yake, na jirani mmoja fundi cherehani, na bibi aliyekuja kumkanda. Mkewe akamuuliza kama kati ya fundi cherehani na bibi yule kuna aliyemwona baba ndani ya kifua. Mwalimu akasema usinifanyie mzaha, Mama. Mkewe akasema sikufanyii.

Kikohozi kikamshika Mwalimu, akakohoa mpaka machozi. Alipotulia, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo zaidi. Alisema miaka hamsini amebeba ugonjwa ule wa baba yake, anaujua kama jina lake, na leo anaambiwa hakuna aliyeuona. Akasema basi huenda baba alikuwa na kifua kikuu tu, akafa kwa kunong'onewa.

"Huenda," mkewe akasema. "Hatutajua tena."

Nje mtu alikuwa anakung'uta vumbi la mazulia. Mwalimu akamtazama mkewe uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu siku ya picha.

"Niambie sitakufa."

"Siwezi. Sijui," akasema. "Lakini na wewe hujui, Mwalimu. Umekaa hapa siku kumi unakufa kwa kitu usichokijua. Mimi nikiwa sijui, naweza kulala. Nikiwa sijui, bado upo na tunaangalia. Usinifungie mlango."

Mwalimu akasema kwa sauti ya chini kwamba maisha yao yote mkewe hajawahi kumwambia uongo hata mmoja wa kumfariji. Mkewe akamjibu kwamba akitaka wa kumfariji, dada yake yuko jikoni, amwite. Hapo Mwalimu akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na alipomaliza akanyoosha kidole kuelekea kabati.

Asubuhi iliyofuata alitoka uani kwenye hewa, akavuta pumzi ndefu kama alivyoelekezwa, akakohoa kutoka chini kabisa. Akafunga kikopo, akampa mkewe kwa mikono miwili.

Makohozi yale Mama Sijaona aliyapaka kioo yeye mwenyewe. Akayamwagia rangi nyekundu, akapasha moto chini mpaka mvuke ukapanda, akasafisha kwa asidi, akaweka ya bluu. Vijidudu vya kifua kikuu ndivyo vinavyokataa kuachia ile nyekundu. Akaketi, akaanza kutazama, sehemu moja baada ya nyingine, akihesabu. Kwenye sehemu ya sitini na mbili akaona kijiti chembamba, chekundu, kimepinda kidogo.

Moyo wake ukaruka kwa furaha. Akajishtukia. Anafurahi kuona ugonjwa kifuani kwa mume wake. Na ndipo akashtuka kwa jambo la pili, kubwa zaidi: alikuwa anautaka. Miaka yote aliogopa mkono unaoandika zaidi ya macho, na hakuwahi kufikiri kwamba macho nayo yana tamaa. Rangi iliyoganda hufanana na kijiti. Mkwaruzo wa kioo hufanana na kijiti. Mke aliyekonda kwa hofu ataona vijiti mpaka kwenye ukuta.

Akainuka. Akazifunika namba zote kwa karatasi, akakipanga kioo kile kiwe cha nne pamoja na vingine sita vya asubuhi ile, akamwomba Bwana Haraka avisome vyote. Hakumwambia kitu. Akaenda kwenye sinki kuosha chupa zilizokuwa safi.

Chupa hazijakauka, Bwana Haraka akaita. "Cha nne kina watu."

Hivyo ndivyo walivyosema katika maabara ile vijidudu vikionekana. Akamuuliza wangapi. Wachache, akasema, ila wapo. Akamwomba atazame tena, polepole. Bwana Haraka akalalamika kwamba leo Mama ameanza kumtilia shaka na yeye. Akamjibu kwamba alianza siku ya kwanza alipomwona anakunywa chai ya moto kwa mkupuo mmoja. Bwana Haraka akatazama tena. Sehemu mia nzima, vijiti sita, akasema, na sasa anaweza kuapa. Akauliza ni cha nani.

Mama Sijaona akakaa kwenye kigoda, akamwambia. Bwana Haraka akavua glovu, akanawa, akamletea maji kwenye glasi, akasimama pale mpaka ameyamaliza. Huenda ndilo jambo pekee alilolifanya polepole mwaka ule.

Jibu akaliandika Bwana Haraka, na daktari akalisoma, na dawa zikatolewa siku hiyohiyo: vidonge kila asubuhi kwa miezi sita, mtu wa nyumbani akishuhudia vikimezwa. Wifi naye akapimwa, kama watu wote wa nyumba, akinung'unika kwamba alikuja kuuguza na sasa anageuzwa mgonjwa. Kwake hakikuonekana kitu.

Mwalimu alipoambiwa, alishika mikono ya mkewe akalia kama mtoto, kwa muda mrefu, bila aibu. Kisha akauliza kama atapona. Mkewe akasema wengi hupona. Mwalimu akarudia lile neno, wengi. Mkewe akaongeza: wengi sana, wasipoacha dawa. Mwalimu akasema linatosha, na kwa kweli usiku ule alilala bila kugeukageuka. Kesho yake akameza vidonge vyake vya kwanza mbele ya mkewe na bilauri kubwa ya maji, akafungua mdomo kuonyesha, kama mwanafunzi anayeonyesha kwamba amenawa mikono.

Saa mbili baadaye ukasikika ukelele chooni.

Mama Sijaona akatupa ufagio, akakimbia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mwalimu alikuwa anasema kwa sauti ya kukata tamaa kwamba imekwisha, Mama, nakojoa damu, figo zimekwenda, waite watoto. Mkewe akasimama pale mlangoni, mkono kinywani. Katika miaka yote ile ya kuwaelekeza wagonjwa, alikuwa amemsahau mmoja. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kizingitini, mgongo kwenye mlango.

"Unacheka nini?" Mwalimu akauliza kutoka ndani.

"Ni dawa. Inageuza mkojo kuwa mwekundu. Ya kila mtu, kila siku, mpaka utakapomaliza."

Maji yakadondoka kwenye ndoo.

"Una hakika?"

"Najua," akasema.

Halafu sauti ya Mwalimu ikaja karibu sana, kana kwamba naye amekaa chini upande wa pili wa mlango.

"Hebu sema tena."

"Najua, Baba Watoto. Sasa fungua, chai inapoa."

Lakini hakufungua mara moja, naye hakumharakisha. Walikaa hivyo kwa kitambo, mgongo kwa mgongo, mbao katikati.